Mifumo Endeshi Miwili Ndani ya Kompyuta Moja

Mhadhara uliotolewa kwa walimu na wanafunzi wa skuli za sekondari, Chake Chake, Pemba

Walimu wangu, wanafunzi na wazee mliohudhuria, assalaam alaykum.

Wengi wetu tuna kompyuta moja tu, nayo mara nyingi imeshapita mikononi mwa mtu mwingine, na humo humo tunataka Windows kwa kazi za ofisi na Linux kwa kujifunza kuandika programu. Haja hiyo ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba kila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, umetengenezwa kana kwamba mashine yote ni yake, na unapofanya kazi, mwenzake amelala na hawezi kulinda kilicho chake.

Nianze na saa, maana ndiyo inayolalamikiwa kwanza. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni saa ya mahali ulipo, ilhali Linux huweka humo saa ya kimataifa, yaani UTC, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Mwalimu akifunga Linux saa nane mchana hapa Chake Chake kisha akafungua Windows bila ya intaneti, ataambiwa ni saa tano asubuhi. Hukimbilia kununua betri mpya ya saa, na betri haina kosa lolote. Amri moja ndani ya Linux, timedatectl set-local-rtc 1, inatosha kuipatanisha mifumo hiyo. Katika nchi zinazosogeza saa kila majira njia hii huleta matatizo mengine. Kwetu, ambako saa haisogezwi, haina madhara hayo.

Linalonitia hofu zaidi ni la faili. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mtu anapobonyeza kuzima, Windows kwa kawaida haizimi kikamilifu, bali huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Mwanafunzi akiwasha Linux na kufungua sehemu ya diski iliyo ya Windows, ataweza kusoma kazi yake lakini atakataliwa kuihifadhi, na ninawaomba sana msikasirikie katazo hilo, kwa sababu ndilo linalokulindeni. Anayelazimisha kuandika humo huibadilisha diski wakati Windows bado inaikumbuka kama ilivyokuwa jana. Itakapoamka itaendelea na kumbukumbu hiyo ya zamani, na faili zitavurugika au kupotea. Dawa yake ni kufungua dirisha la amri la Windows kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika powercfg /h off. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, na kuchelewa huko ni bei ndogo mno mbele ya matokeo ya mitihani ya darasa zima.

Kuhusu kuwaka kwenyewe, masasisho ya Windows yanaweza kuirudisha Windows mbele kwenye mpangilio wa kuwaka, menyu ya kuchagulia mfumo ikatoweka, na mtu akadhani Linux imefutwa. Kwa kawaida imo. Ingieni kwenye mipangilio ya UEFI, yaani programu ya ndani ya kompyuta inayoamua mfumo upi uwake kwanza, muirudishe Linux mbele. Agosti 2024 hali ilikuwa nzito zaidi, kwani sasisho la usalama la Microsoft lilizizuia baadhi ya kompyuta za mifumo miwili kuwasha Linux, ingawa kampuni ilikuwa imesema kompyuta za aina hiyo hazitaguswa. Tena, kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski, badiliko dogo katika kuwaka laweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48, na asiyeuhifadhi popote, hata kwenye akaunti yake ya Microsoft, hana pa kuupata tena. Uandikeni kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Kuigawa diski ili Linux ipate nafasi yake ndiyo kazi isiyovumilia umeme kukatika, nasi umeme wetu tunaujua. Nakilini kwanza kila kitu nje ya kompyuta, hakikisheni betri imejaa, na sehemu ya Windows ipunguzeni kwa kutumia Windows yenyewe. Mwenye nafasi ya diski ya pili ndani ya mashine yake aipe Linux diski hiyo nzima, wala asigawe kabisa.