Mkanda wenye matundu manne: kumpokea mgonjwa wa VVU aliyechelewa

Mbukwenyi! Wasio Wagogo itikieni tu hivyohivyo. Projekta imegoma, na mimi sijasikitika sana maana slaidi huwa zinawalaza, kwahiyo tutaongea.

Naanza na mkanda. Miaka ya nyuma nikiwa kituo kimoja huku vijijini, sikitaji, aliletwa baba mmoja mkulima wa uwele, kabananishwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mkewe, kichwani kajikaza kanga ya mke kwa jinsi kilivyokuwa kinamuuma, na mkanda wa suruali kautoboa kwa msumari matundu mapya manne. Keshatibiwa malaria mara tatu, taifodi hata hakumbuki, na kwa mganga kapita. Tunampima, VVU ipo, ARV hajawahi kumeza hata siku moja. Na sisi tulikuwa tumetoka semina, tumeambiwa anzisha dawa siku hiyohiyo, basi tukampa kopo lake tukajiona tumemaliza kazi. Wiki ya tatu mkewe kamrudisha, hamtambui hata yeye, kutobolewa mgongoni maji yanatoka kwa presha, kumbe ni wale fangasi wa ubongo, kriptokokasi. Siku ya nne akafariki. Matundu ya mkanda tuliyaona wote, aliyeuliza hakuna.

Sasa msije mkaondoka hapa mkaanza kurudisha watu nyumbani. Tangu 2016 nchi yetu anayekutwa na VVU anaanzishwa dawa bila kungoja CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ishuke, na limeokoa watu wengi sana hilo. Ila tulivyoacha kuingoja CD4 wengine tukaacha na kuipima, hapo ndo tulipojikwaa. Mtu mnene anayetoka mnadani Msalato anatembea mwenyewe na mtu mwenye CD4 chini ya 200 wote kwa macho unaweza kuwaona wazima, kuna wanaokuja wanacheka kabisa na CD4 ni 40! Na mtoto chini ya miaka 5 ambaye hajaanza dawa wewe mhesabu ugonjwa wake uko mbali tayari, usibishane na karatasi.

CD4 ikija chini ya 200 kuna vitu viwili mnavifuata siku hiyo. TB kwanza, ndiyo inayoua kuliko zote, na hawa hata makohozi hawana, mtu anakohoa mpaka machozi hatoi kitu, sasa mkojo si anao? Kipimo cha TB kinachoitwa LAM ni matone ya mkojo tu, dakika 25 una jibu, na makohozi yakipatikana yaende GeneXpert, ile mashine ya kupima TB. Alafu damu, kipimo cha kriptokokasi, dakika kama 10. Ikisoma ndiyo, ARV zinasimama kwanza, mpeleke akatolewe maji ya mgongo hata kama anakwambia kichwa hakiumi. Maji yakiwa safi anapewa flukonazo, dawa ya fangasi, na ARV zinafuata. Maji yakiwa na fangasi, anatibiwa fangasi kwanza, ARV wiki 4 mpaka 6 baadaye.

Watu huwa wananiuliza dawa nzuri inamuuaje mtu. Haimuui dawa. Kinga yake ni kama mlinzi aliyelala kwenye shamba la mtama, ukimwamsha ghafla akakuta ng'ombe wako ndani anarusha mawe hovyo, mtama wenyewe anauvunja. Kwenye ubongo hakuna nafasi ya kurusha mawe. TB ya kifua ni tofauti, hiyo ukianza dawa za TB, ARV zifuate ndani ya wiki 2, ya ubongo ndo tunangoja kidogo. Na anayemeza rifampisini ya TB, ile ARV ya dolutegravi anameza asubuhi na jioni, hii wengi wanaisahau halafu virusi havishuki tunamsingizia mgonjwa kwamba hamezi. Septrini ya kuzuia maambukizi mengine kila siku, jamani, kidonge cha bei ya pipi, msikidharau.

Kuna utafiti ulifanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukatoka 2015, watu karibu 2000 wenye CD4 chini ya 200 ambao hawajawahi kutumia ARV. Kundi moja walipimwa kriptokokasi na wakatembelewa na watu wa kawaida waliofundishwa, si madaktari, kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo. Vifo vilipungua kwa 28% kuliko kundi la huduma ya kawaida. Watu wa konga, mtandao wa wanaoishi na VVU, mlioko huko nyuma mnanisikia? Kupima na kugonga hodi tu huko.

Ndio mama, uliza. Anasema yeye ni wa kijijini kule Mpwapwa, maabara hana, kipimo cha mkojo hana, afanye nini. Swali zuri mno. Mama, mwambie asimame atembee kutoka mlangoni mpaka kwenye stuli bila kushikwa. Akishindwa, huyo wa hospitali leo, si kesho. Mapigo 120 kwa dakika au zaidi, leo. Pumzi 30 na kuendelea, leo. Kichwa kinauma siku nyingi au anaona viwiliviwili, leo, na ARV asianzie kwako.

Haya kila mtu amgeukie jirani yake, simu mezani, dakika moja nzima, hesabuni kifua kinavyopanda. Msiwaambie mnahesabu, mtu akijua anabadilisha anavyohema. Aa, nimeshawaambia wote! Basi hesabuni hivyohivyo.