Chakula cha kobe huanzia kwenye udongo: tupande pamoja

Assalam aleikum, karibuni uani kwetu Kisauni. Huyu mnayemwona akijikokota kando ya mtungi ni Tunu, kobe wa madoa, yule wa nyika. Kabla sijashika jembe nina neno moja. Hapa Kenya kobe ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori. Ukimkuta porini au barabarani, usimtie kwenye gari ukamleta nyumbani. Tunu alikuja na karatasi zake.

Swali ninaloulizwa kila siku ni "anakula nini?" Na kabla sijajibu, mtu ameshataja mkate, wali na sukuma wiki. Tumbo la kobe huyu limeumbiwa nyasi. Mafumba kumi ya chakula chake, manane yawe nyasi. Ukienda Haller Park, ile bustani ya wanyama pale Bamburi, wale kobe wakubwa wa Aldabra, jamaa zake yule kobe aitwaye Mzee aliyefanya urafiki na mtoto wa kiboko aitwaye Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, watazame tu: wameinamisha shingo, wanakula nyasi kama ng'ombe. Kwa hivyo leo tunaanza na bustani, si sahani.

Sogeza kamera hapa chini. Hii ni ukoka. Ng'oa vishina vyenye mafundo kama hivi, vilaze kwenye mfereji wa kina cha vidole viwili, fukia, acha ncha zichungulie. Udongo wetu ni mchanga mtupu, maji hayakai. Mimi huchanganya samadi ya mbuzi iliyokwisha kuiva na makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono. Ukipanda mwanzo wa masika, mvua itakufanyia nusu ya kazi.

Na maji? Yaonje. Kweli, chota ya kisima chako uyaguse kwa ulimi. Kisima chetu kina chumvi, na mwaka wa kwanza majani yote yalikauka kingoni kana kwamba yamepitiwa na moto. Sasa namwagilia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa, na yakiisha nanunua ya mkokoteni.

Pembeni pale nimepanda mchunga, huu huu tunaoupika kwa nazi. Uchungu wake haumsumbui Tunu hata kidogo. Ule ukuta wa nyuma nimeuachia mpungate. Kata jani moja nene, liweke kivulini siku tatu au nne mpaka kidonda kikauke, ndipo ulisimamishe kwenye mchanga. Ukilipanda bichi litaoza. Siku ya kulisha, lipitishe juu ya jiko la makaa miiba iungue, kisha lisugue kwa kitambaa kinene, maana kuna vinyweleo vidogo ambavyo jicho halivioni lakini mdomo wa kobe utavipata.

Haibiskasi nayo. Kata kijiti cha unene wa kalamu, urefu wa sentimita 15 hivi, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye ndoo iliyotobolewa kitako. Afadhali upande wa kuomba kwa jirani kuliko wa kununua, na nitawaambia kwa nini. Niliwahi kununua mche kwenye kitalu cha barabarani, umechanua vizuri, nikamchumia Tunu maua siku ile ile. Alikaa siku mbili kichwa ndani, hagusi kitu. Nilipomrudia muuzaji akaniambia alikuwa ameupulizia dawa ya wadudu. Tangu hapo mche wa kununua naukata majani yote, nauhamishia udongo mpya, nao unangoja miezi mitatu au zaidi. Anakula majani yaliyoota hapa kwangu tu. Vivyo hivyo nyasi za kando ya barabara kuu, zenye vumbi na mafuta ya magari, sizichumi.

Sasa mimea ya kung'oa kabisa. Olianda, mbarika, mnanaha, mnyaa, msanapichi: usimwache kobe azurure ilipo. Na kisamvu kibichi usimpe. Sisi tunakitwanga na kukichemsha kwa sababu kina sumu, yeye hana jiko. Kuna watu husema mmea wenye utomvu mweupe ndio mbaya. Si kipimo. Vunja jani la mchunga hapa, unaona? Maziwa yanatoka, na ni chakula. Ujue mmea kwa jina lake, na usioujua usimpe.

Mchicha na sukuma wiki, kidogo na mara moja moja. Embe hata msimu ukiwa umefurika, usimpe: matunda humharisha.

Haya, tumlishe. Saa mbili asubuhi, jua likishampasha mgongo. Chakula nakiweka juu ya bapa la jiwe la matumbawe, kamwe si mchangani, kwa sababu mchanga anaoumeza humziba utumbo. Jiwe pia linampunguza mdomo usirefuke. Leo: ukoka, majani machache ya mchunga, ua moja jekundu. Mtazameni anavyoanza na ua.

Juu yake nanyunyiza unga wa ule mfupa mweupe wa ngisi tunaouokota ufukweni. Uloweke kwenye maji matamu siku mbili tatu ukibadilisha maji, uanike, uukwangue kwa kisu. Gamba linahitaji kalsiamu, bila hiyo hulainika.

Mwisho ni beseni. Maji ya vuguvugu, yasipite kidevu chake, dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki, nawe usiondoke. Humo atakunywa, na humo humo atajisaidia. Kiangalie kinyesi: kikiwa kimeshikana na kina nyuzi za nyasi, yuko sawa. Ule uji mweupe ni mkojo wake. Ukiwa laini usiwe na hofu, ukikwaruza vidoleni kama mchanga basi hanywi maji ya kutosha, muogeshe zaidi.

Ukimtoa, mpanguse, mrudishe juani. Maji ya beseni nayamwaga pale kwenye shina la haibiskasi.