Gobore la Marekani linalenga kweli? Najibu leo, msiniulize tena

Haya wadau, habari za huko. Leo siendi popote, nimekaa hapa gereji, baridi inapenya chini ya mlango, na nimekaa kwa sababu moja tu. Tangu niweke ile video ya Januari nikiwa juu ya mti na bunduki yangu ya kushindilia, swali ni lile lile. "Kaka, hilo gobore linalenga kweli?" "Linafika mita ngapi?" Kuna mmoja ameuliza mara nne, na mara ya nne kaandika kwa herufi kubwa tupu. Ndugu yangu, nimekuona.

Kabla sijajibu, najua yanayokuja. Kuna watakaosema naringa. Na kuna wale wengine: "Miaka tisa Marekani, bado unatembea na gobore?" Siringi. Bunduki hii nimeinunua mkono wa pili, ona kitako, huu mkwaruzo nimeukuta. Na silalamiki pia, maana mara ya mwisho niliposema baruti imepanda bei mtu akaniandikia nirudi nyumbani nikalime. Leo nasema tena imepanda bei, na sirudi.

Kwa nini gobore? Kwa sababu hapa jimbo la Ohio kuna msimu wake wa bunduki za kushindilia, siku nne tu mwanzoni mwa Januari, baada ya wenye bunduki nyingine kumaliza zamu yao. Ukiwa nayo unapata siku za ziada msituni. Basi. Si mapenzi ya mambo ya kale.

Namna ya kushindilia sitaeleza, wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Baruti, risasi juu yake, mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, halafu fataki ya kuwashia baruti. Ninachotaka mwelewe ni kwamba hili ninaloshika hapa na lile mnalolifikiria nyie yanafanana mdomoni tu. Mwaka 1985 fundi mmoja wa Missouri, Tony Knight, alitoa bunduki aliyoiita MK-85, na fataki yake ilikaa nyuma kabisa, kwenye mstari mmoja na baruti. Moto hauzunguki kona, unakwenda moja kwa moja. Siku hizi nyingi zinatumia fataki namba 209, ile ile ya bunduki za marisau, ambayo ina moto mkali. Kwa hiyo ule mchezo wa kubonyeza, kusubiri, na kufumba macho haupo. Ukibonyeza inakwenda.

La pili ni mtutu wenyewe. Ndani una mifereji inayozunguka. Mitutu iliyotengenezwa kwa risasi ya duara huzunguka polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 66 hivi. Wangu mimi ni mzunguko mmoja kwa inchi 28, kwa sababu risasi yake ni ndefu, ina ncha, na imevaa kikombe cha plastiki wanachokiita saboti. Mtutu ni wa kaliba 50, risasi ni 45, saboti inajaza nafasi katikati na kuishika ile mifereji, halafu inadondoka njiani. Risasi inafika peke yake huku inazunguka kama pia. Hapo ndipo shabaha inapotoka. Na darubini juu yake, ambayo, niseme ukweli, ilinigharimu kuliko bunduki.

Sasa jibu. Bunduki kama hii, ikipata baruti na risasi inayoipenda, kwenye yadi 100 inaweka risasi 3 ndani ya inchi 2. Zipo zinazofanya vizuri zaidi ya hapo. Yadi 100 ni mita 91, pungufu kidogo ya uwanja wa mpira goli kwa goli. Kulungu wa huku, huyu mwenye mkia mweupe, sehemu ya moyo na mapafu ni kama inchi 8, sahani ndogo. Inchi 2 ndani ya inchi 8, kazi imekwisha. Mngeniachia hapo video ingekuwa ya dakika 3 na mimi ningekuwa shujaa.

Lakini hizo inchi 2 hazikuja siku ya kwanza, na hapa nataka nikae kidogo.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha nilipiga 5. Ya kwanza ikaenda juu kushoto. Ya pili na ya tatu zikakaa pamoja, vizuri kabisa. Ya nne ikagoma kuingia, nikaisukuma kwa mdeki mpaka mkono ukauma. Ya tano sijui ilikwenda wapi, kwenye karatasi haipo mpaka leo. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani, ananitazama muda wote, hasemi kitu. Nikamwambia nadhani darubini ni mbovu. Akacheka. Akasema mtutu mchafu.

Wadau, baruti nyeusi na hizi mbadala zake nyingi zinaacha masizi kama sufuria ya kuni. Ukipiga mara moja, mtutu si ule tena. Risasi ya pili inapita pembamba zaidi, ya tatu zaidi, na kila moja inatoka kwa namna yake. Dawa yake ni kudeki. Ndiyo, kudeki, kama sakafu. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kupeleka na kurudisha, halafu kikavu, kila baada ya risasi. Na ile ya kwanza iliyokwenda juu kushoto? Mafuta. Nilikuwa nimeupaka mtutu mafuta usiku ili usishike kutu, nikashindilia juu ya mafuta. Siku hizi nafuta kwanza, halafu nafyatua fataki moja tupu kabla ya kuweka baruti, ikaushe njia. Na mtutu ukiwa wa moto saboti inalainika, kwa hiyo nasubiri. Dakika 5, dakika 10. Watu wa pale wanafikiri nimelala.

Halafu kuna kushindilia kwenyewe. Nimechora alama kwenye mdeki wangu, hii hapa, mnaiona? Risasi ikikaa sawasawa juu ya baruti alama inalingana na mdomo wa mtutu. Isipolingana sipigi. Kwanza kwa shabaha, pili kwa sura yangu, maana risasi iliyokaa mbali na baruti inaweza kupasua mtutu. Na tafadhali, baruti isiyo na moshi, ile ya kwenye risasi za kawaida, msije mkasikia naitaja humu. Kwenye bunduki kama hii ni bomu.

Natumia baruti ya greni 100 (greni ni kipimo kidogo sana cha baruti), kwa kipimo cha ujazo. Zipo bunduki zinazokubali 150, vidonge 3 vya greni 50 kila kimoja, na kuna vijana wanaona kadiri unavyojaza ndivyo unavyofika mbali. Nilijaribu. Bega liliuma siku 2 na risasi zilitawanyika kuliko mwanzo. Labda ni bunduki yangu. Yako inaweza kuipenda hiyo 150, mimi sijui bunduki yako.

Sasa kwa kuwa nimetaja baruti, ngoja niseme. Ukiagiza mtandaoni, baruti na fataki zinahesabiwa mzigo wa hatari, kwa hiyo juu ya bei na juu ya usafiri kuna ada nyingine ya hatari. Nimewahi kulipa ada iliyokaribia bei ya kopo. Na katika wiki hiyo hiyo shemeji yangu, ambaye simtaji na anajijua, kaona video ya bunduki akaniomba pikipiki. Shemeji, hiyo pikipiki nimeshaishindilia.

Karatasi nazo. Mnaniuliza sana, "mgeni anaruhusiwa?" Ninachojua ni hiki. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaiweka bunduki ya kushindilia kwa mdomo, inayotumia baruti nyeusi au mbadala wake na isiyoweza kupiga risasi za ganda, zile za kawaida zenye baruti ndani yake, kwenye kundi la silaha za kale. Hata kama imetoka kiwandani mwezi uliopita. Ndiyo maana mahali pengi inauzwa bila ule uchunguzi wa rekodi za mnunuzi. Watu wakisikia hivyo wanaruka. Msiruke. Zipo bunduki ambazo unabadilisha mtutu ukaweka wa risasi za kawaida, hizo haziingii kwenye kundi hilo. Na kila jimbo lina yake, mengine yanaihesabu kama bunduki nyingine yoyote. Mimi si wakili, ni mtu wa gereji. Uliza kwenye jimbo lako, kwa maandishi.

Nilipokuja na viza ya masomo nilikwenda duka moja, silitaji, nimebeba pasi, barua ya chuo, cheti cha mafunzo ya uwindaji na leseni ya uwindaji. Leseni hiyo nililipa bei ya mgeni wa jimbo, kwa sababu sikuwa nimefikisha muda wa kuhesabiwa mkazi, na bei ya mgeni wa jimbo ni kilio. Muuzaji akaangalia pasi, akaangalia uso wangu, akarudisha bunduki kabatini. Hakusema kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa na sheria nzima kichwani, kwa Kiingereza, mpaka nimefanya mazoezi kwenye basi, na hakuuliza hata swali moja. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Na ukishapata bunduki hujapata pa kuwinda. Ohio ukitaka kuwinda shamba la mtu unahitaji ruhusa yake ya maandishi. Niligonga milango 7. Mmoja alinijibu bila kufungua. Wa saba ndiye aliyesaini, na mpaka sasa nampelekea nyama kila mwaka.

Turudi kwenye umbali, maana najua yule wa herufi kubwa anasubiri.

Bunduki yangu nimeiweka shabaha kwenye yadi 100, yaani hapo risasi inapiga pale pale ninapolenga. Kwenye 150 risasi imeshashuka inchi 4 au 5. Kwenye 200 imeshuka zaidi ya futi moja. Inatoka na kasi kama futi 1,850 kwa sekunde, lakini ni nene na fupi ukilinganisha na za rifle, hewa inaikamata na kuipunguza kasi mapema. Upepo wa pembeni ndio usiseme: maili 10 kwa saa, upepo wa kupeperusha kanga kwenye kamba, kwenye yadi 200 unaisogeza karibu futi nzima. Sahani yetu ni inchi 8. Yaani bunduki haijakosea kitu, imepiga pale ilipotakiwa kupiga, ila kulungu hayupo pale.

Mwaka juzi, jioni, mwanga unakwisha, alitokea dume ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa. Nikakadiria yadi 120. Kipima umbali kilikuwa mfukoni, chini ya koti, chini ya ile fulana ya rangi ya machungwa ambayo lazima uivae, na vidole vimeganda. Nikasema 120 naiweza. Nikalenga chini kidogo ya katikati kama nilivyozoea, nikabonyeza. Bunduki ya kushindilia ikilia, sekunde mbili huoni kitu, ni moshi mtupu. Moshi ulipotoka dume alikuwa anakimbia mkia juu. Nikashuka, nikapima kutoka shina la mti mpaka aliposimama. Yadi 168. Pale chini nikakuta nywele nyeupe za tumboni, kidogo tu, hakuna damu. Nilizunguka na tochi mpaka saa nne usiku, na asubuhi nikarudi tena. Hakuna. Inchi 7 zilipotea kwenye macho yangu, si kwenye mtutu.

Kwa hiyo bunduki inafika 200. Mimi ninafika 120, na kukiwa na upepo ninafika 90. Kwenye misitu ninayowinda mimi huoni zaidi ya yadi 80 hata ukitaka, kwa hiyo hainiumi. Wewe ukiwa na mkono mtulivu, kipima umbali shingoni na umefanya mazoezi ya 200 yenyewe, si ya 100 ukakisia, huenda mambo ni mengine. Na usichukue haya ukayapeleka jimbo lingine. Colorado, msimu wa bunduki hizi, hawataki darubini, hawataki saboti, hawataki baruti ya vidonge. Pennsylvania wana msimu wa gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe na chuma, kule ndiko mtu anabonyeza halafu anaomba. Mtu wa kule akikwambia yadi 50 ndiyo mwisho wake usimcheke.

Hii hapa karatasi ya jana, nimewaletea ili msiseme naongea tu. Yadi 100. Tundu tatu, nafunika kwa vidole viwili, hivi. Na hili la nne huku pembeni, najua mmeshaliona na mmeshaanza kuandika. Hilo jua lilikuwa linazama, nikaona uvivu wa kudeki.