Mafunzo ya biashara ya mavazi yaanzie kwenye meza ya kukatia

Habari zenu ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mliofunga duka kuja hapa, kufunga duka siku ya kazi ni hela inapotea kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa niongelee mafunzo ya wajasiriamali wa mavazi, biashara endelevu, yaani ile isiyoharibu mazingira wala kuumiza watu, na biashara ya kidijitali. Kwenye semina nyingi haya yanafundishwa kama masomo mawili, asubuhi anakuja mtu wa mazingira, mchana mtu wa Instagram, na wenyewe hawajuani. Mi naamini ni somo moja na linaanzia sehemu moja, meza ya kukatia. Ukijua kabla hujashika mkasi hii nguo ni ya nani, vipimo vyake vipi, kashatoa advansi au bado, hukati nguo ya kuning'inia dukani miezi sita mpaka inapauka. Hapo umeokoa kitambaa, na kilichokusaidia kukiokoa ni simu na daftari. Hoja yangu ndo hiyo, mengine yote leo naifafanua hiyo hiyo.

Angalieni viwanda vikubwa vya nje vinavyofanya. Vinashona maelfu kwa maelfu halafu ndo vinatafuta mnunuzi, zisizouzika zinashushwa bei, zikigoma tena zinatupwa au zinachomwa, na zilizouzika zinavaliwa kidogo tu halafu tunakuja kuzikuta kwenye mabelo ya mitumba pale soko la Karume, na wenzetu wa Nairobi wanazikuta soko la Gikomba. Fundi wetu wa mtaani hafanyi hivyo. Yeye anashona akishapata oda. Huo utaratibu tunao toka zamani, hakuna mradi uliotuletea, na leo kuna kampuni Ulaya zinahangaika kuurudia maana zimeona hasara ya kushona kwa kubahatisha. Kwa hiyo mkufunzi akija kumwambia fundi wa Tandika kwamba hajui biashara endelevu, amwangalie vizuri kwanza.

Ila tatizo lipo na wote mnalijua. Njoo kesho. Mteja analeta kitenge wiki tatu kabla ya Idi, anaambiwa chukua Alhamisi, Alhamisi anaambiwa Jumamosi, siku ya sikukuu yenyewe nguo haina pindo na zipu imekaa upande. Huyo mteja mwakani hapiti kwako, anapita Kariakoo ananunua redimedi iliyokuja kwa kontena, na hafanyi hivyo kwa kuwa ni nzuri kuliko yako, anafanya kwa sababu ana uhakika wa kuivaa. Yaani tunapoteza soko kwa nguo ya polyester isiyodumu kwa sababu ya kalenda tu. Kwa hiyo kwangu mimi kumfundisha fundi kupanga foleni ya oda, kujua kwa wiki anaweza kushona nguo ngapi na akifika hapo aseme nimejaa, hilo ni somo la mazingira kabisa, na ni somo la dijitali pia maana foleni yenyewe inakaa kwenye simu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, naomba mwandike. Tuseme una gauni la kitenge unauza 65,000. Kitenge cha yadi 6 umenunua 30,000. Bitana, zipu na uzi 9,000. Fundi anayekushonea unamlipa 15,000. Pango, umeme na bando kwa mwezi 240,000 na unatoa magauni 40, kila gauni linabeba 6,000. Mfuko na lebo 1,000. Jumla 61,000, umebaki na 4,000. Wengi hapa mlikuwa mnadhani faida ni 35,000, yaani bei mnayouzia mkitoa kitambaa basi, ndo maana mwisho wa mwezi mtu anajiuliza hela imeenda wapi wakati wateja walikuwa wengi.

Sasa hebu tukate vizuri. Ukipanga vipande vyako vya patani, zile karatasi za kukatia, ukaokoa nusu yadi kwa kila gauni, yadi ni 5,000, nusu yadi ni 2,500. Faida imetoka 4,000 imekuwa 6,500. Hujapandisha bei, hujamkata fundi wako hata shilingi, hujaongeza mteja, umepanga karatasi zako vizuri juu ya kitambaa na mabaki ukayapa kazi basi. Ukimweleza mjasiriamali habari ya sayari kupata joto atakusikiliza kwa heshima, ila ukimwonyesha hiyo 2,500 ataenda kufanya leo leo, na sayari itafaidika vile vile.

Makadirio yanayotumika sana kwenye tasnia ya nguo yanasema karibu asilimia 15 ya kitambaa inaishia chini ya meza wakati wa kukata. Na sisi tuna mavazi yetu ambayo hayana hilo tatizo! Doti ya kanga haitupi chochote, unakata katikati unapinda. Dera linakatwa kwa mistari iliyonyooka, kinachobaki ni kipande cha shingo na vijisehemu. Kanzu ukimwona fundi mzee anavyoikata, mapande marefu ya mstatili na vipande vya pembe chini ya kwapa, utaona watu walifikiria kitambaa kwanza kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali. Mi nataka wanafunzi wa ushonaji, wawe vyuo vya ufundi vya VETA au kwa fundi wa mtaani, wafundishwe kuichambua kanzu na dera kama wanavyofundishwa koti la suti, halafu wabuni kitu kipya kutokea hapo.

Kuhusu mabaki, naomba tuwe wakweli. Mafunzo mengi yanaishia kwenye kutengeneza heleni za kitenge na vipochi, kila aliyehitimu anauza hivyo hivyo na soko limejaa. Sio kila kipande ni bidhaa. Mimi ningeyagawa mabaki kwa ukubwa siku hiyo hiyo ya kukata, makubwa yanatosha mfuko, kola au nguo ya mtoto, ya kati yanafaa vilemba, vibanio vya nywele, kufunika vifungo, kukata vitambaa vya pindo za ndani, na yale madogo kabisa yaingie kwenye gunia la kujazia mito. Halafu piga hesabu ya muda. Kama kipochi kinakula saa mbili na unakiuza 3,000 umejidhulumu, bora ungempa jirani hayo mabaki ukashona gauni.

Na mabaki yanayotosha mfuko yanatusaidia kwenye kitu kingine, tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo nguo ikitoka dukani kwako ndani ya mfuko wa kitambaa wenye jina lako, mteja atautumia sokoni mwaka mzima na wewe umejitangaza.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Uongo kwenye lebo. Siku hizi kila mtu anaandika asilia, rafiki wa mazingira, pamba ya Tanzania. Ndugu zangu, pamba tunalima kweli, Shinyanga, Simiyu, Mwanza huko, ila sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa haijasokotwa hata uzi, na vitambaa vingi tunavyokata vimekuja kwa meli. Usiandike usichokijua. Kitambaa unaweza kukipima hapo hapo dukani, chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo mbali na vitambaa vingine, ziwashe. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na inaacha majivu laini. Polyester inayeyuka, inanuka plastiki na ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Kama ni mchanganyiko utaona vyote viwili. Andika kwenye daftari umenunua wapi, lini, na matokeo ya kuchoma. Mteja akikuuliza unamjibu ukweli, kama ni polyester mwambie ni polyester, haikunjamani sana ila joto lipo, atachagua mwenyewe.

Na wenye ndoto ya kuuza Ulaya wanisikilize hapa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayoleta paspoti ya kidijitali ya bidhaa, na nguo zimo kwenye zile za kuanza nazo. Maana yake nguo itakuwa na alama ya kuskani kwa simu inayosema imetengenezwa na nini na imetoka wapi. Sheria ndogo ndogo za nguo bado zinatengenezwa, lakini mtu mwenye daftari la kitambaa toka leo hatatafuta mshauri wa kumwandikia, atakuwa na majibu yake.

Mabinti wa batiki nimewaona hapo mbele, yenu ni mazito zaidi. Kostiki soda na haidrosi, zile kemikali mnazochanganyia rangi, sio vitu vya kuchezea. Weka kostiki kwenye maji, usimwage maji kwenye kostiki, itaruka ikuunguze. Glovu ndefu, barakoa, kazi ifanyike nje penye upepo, na sufuria ya rangi isirudi jikoni hata ikioshwa vipi. Rangi iliyobaki kwenye beseni isiende mtaroni, mitaro ya Ilala na Kariakoo inaingia mto Msimbazi, na Msimbazi unapita kwenye bustani za mchicha tunaokula. Itumie tena kwa vitambaa vya rangi hafifu mpaka inyonywe. Nta nayo usiitupe, ukichemsha kitambaa inaelea, maji yakipoa inaganda juu unaitoa kama sahani unairudisha kwenye kazi. Hilo ni akiba ya wazi kabisa, na nashangaa kwa nini wengi bado wanamwaga.

Simu sasa. Watu wakisikia dijitali wanawaza kupata wafuasi. Mi nasema anza na walioko tayari, wateja wako wa zamani. WhatsApp Business ni ya bure, ina katalogi, ina lebo unaweza kuweka oda mpya, kalipa advansi, tayari kuchukua, na ina majibu ya haraka ili usiandike kitu kimoja mara mia. Vipimo vya mteja vihifadhi, akiwa Mwanza au Muscat anakutumia hela kwa simu unamshonea bila kumwona, unamtumia kwa basi au kwa mtu anayesafiri. Ila vipimo na picha za mtu ni siri yake, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usiposti picha ya mteja akiwa kwenye fitingi bila ruhusa yake, dada wa watu anajikuta kwenye stori yako hata hajafunga zipu.

Bei iandikwe. Hii tabia ya njoo inbox inafukuza watu wenye hela, mtu ana haraka, anaona duka jingine lenye bei anaenda huko. Picha piga asubuhi kivulini, onyesha nguo mbele, nyuma, na mshono wa ndani, ukionyesha mshono wa ndani mteja anajua huyu ana uhakika na kazi yake. Na weka utaratibu wa advansi nusu kabla ya kukata, hilo msione aibu, ndo linalozuia nguo zilizotelekezwa, kila fundi hapa ana mfuko wa nguo ambazo wenyewe hawakurudi.

Halafu kuna mtu tunamsahau, yule anayekaa kwenye cherehani. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza pale Savar, Bangladesh, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi wa nguo, na nyufa zilionekana siku moja kabla lakini wakaambiwa warudi kazini. Sisi hatuna majengo ya namna hiyo mengi, ila tuna vyumba vya nyuma vyenye mlango mmoja, nyaya zimening'inia juu ya magunia ya vitambaa na pasi imeachwa imewaka. Huwezi kuandika nguo endelevu wakati aliyeishona anafanya kazi hapo na analipwa ukipenda. Kwenye ile hesabu ya gauni mstari wa fundi uwe wa kwanza kuandikwa na wa mwisho kupunguzwa.

Kuna kaka kaniuliza hapa, wanaoiba dizaini onlaini tufanyeje. Jina na alama ya biashara sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, michoro yako ya kitambaa waone COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki, na tunza picha za hatua zote zenye tarehe, kuanzia mchoro wa penseli. Ila usitegemee sheria peke yake, mwizi anakopi picha, hawezi kukopi vipimo vya wateja 200 ulivyonavyo wala ile nguo yako kufika Ijumaa uliyosema.

Na mama pale nyuma anasema yeye hasomi vizuri, haya madaftari ya simu atayawezaje. Mama, swali lako ni la msingi kuliko yote niliyosikia leo, na wakufunzi mlioko humu mliandike. Tumia sauti. Mteja akija, rekodi sauti ukimtaja jina, kifua, kiuno, urefu, siku ya kuchukua, jitumie mwenyewe, kisha piga picha kitambaa chake uiweke hapo chini yake. Mabaki yapime kwa kuyashika, gunia likijaa chora kijiti kimoja ukutani. Mwisho wa mwezi mjukuu au kijana wa dukani akae na wewe ahamishie kwenye karatasi. Tukimaliza hapa njoo na simu yako tuifanye pamoja ya kwanza, na kama kuna mwingine mwenye hali hiyo naye asogee asione haya.