Kigali Kutoka Mwanza: Ramani Imelala, Nchi Imesimama

Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza kwa wasafiri wanaojiandaa kwenda Rwanda

Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine habari za jioni.

Tuanze na ziwa letu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Rwanda yote ni kilomita za mraba 26,338. Nchi nzima ungeitumbukiza humu ziwani mara mbili, na wavuvi wa Ukerewe wangebaki na mahali pa kutega nyavu.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wasafiri wa huku kwetu. Mtu anafungua ramani, anaona Kigali hadi Musanze ni kilomita 100 hivi, anasema hiyo ni kama kwenda Geita tu: asubuhi naenda, mchana narudi. Anapanga sehemu tatu kwa siku moja. Jioni inamkuta bado yuko ndani ya basi, kichwa kinamzunguka kwa kona. Barabara ya kule inapanda mlima, inauzunguka, inashuka bondeni, inaanza mlima mwingine. Kilomita 100 hizo zinakula saa mbili na zaidi. Kwa hiyo Rwanda ipimeni kwa saa na kwa vilima. Kilomita ziacheni kwenye ramani.

Sasa karatasi. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria ya dharura inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Wengi hukwama hapa kwa sababu wamewaona Wakenya na Waganda wakiingia Rwanda kwa vitambulisho vyao vya taifa, wakadhani ni haki ya kila mwana Afrika Mashariki. Utaratibu ule ni wa makubaliano ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Rwanda, na sisi hatumo. Viza ya kulipia hatudaiwi. Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Anayekwenda na gari lake akumbuke kuwa kadi za njano ni mbili: hiyo ya chanjo, na ile ya bima ya gari inayotambulika nje ya mipaka. Usimkabidhi askari wa barabarani kadi ya chanjo ukidhani umemaliza.

Njia yenyewe imekuwa nyepesi. Mabasi ya upande huo yanaondokea Nyegezi. Zamani ulifika Kigongo ukakaa foleni ya kivuko; tangu Juni 2025 unapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na kabla hujamaliza kupiga picha uko Sengerema. Kisha Geita, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Benaco, halafu Rusumo. Ni chini ya kilomita 400, na kutoka Rusumo hadi Kigali kuna kama 160 nyingine. Kwa mabasi ya kuunganisha, itengee siku nzima. Ukiondoka Mwanza saa nne asubuhi kwa uvivu, utavuka mpaka giza likiingia.

Pale Rusumo kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Unahudumiwa mara moja tu, upande wa nchi unayoingia: ukienda, unavuka daraja kwanza, na ndani ya jengo la upande wa Rwanda unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, kisha wa kuingia kwao. Usiondoke na muhuri mmoja. Kukiwa na msongamano watu hurukia dirisha la pili, na siku ya kurudi pasipoti inaonyesha hukuwahi kutoka nyumbani.

Kabla ya kupanga foleni, kagua mizigo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu, na wao hawana mchezo. Tatizo letu si mfuko wa kubebea nguo. Ni vile vifuko vya karanga, vya ndizi za kukaanga na vya samaki tunavyonunua dirishani njiani, tukavisahau chini ya kiti. Mama anayempelekea mwenyeji wake dagaa awafungashe kwenye kapu au ndoo yenye mfuniko tangu hapa Mwanza. Ukingoja kuhamisha pale mpakani, utahamishia kwenye kanga.

Mkivuka, mambo matatu yanageuka papo hapo.

La kwanza ni upande wa barabara. Kule magari hupita kulia. Dereva hujikumbusha, maana ana usukani mkononi. Anayesahau ni mwenye miguu. Sisi tumefundishwa tangu chekechea kutazama kulia kwanza, na gari la kule linakuja kutoka kushoto. Kwa siku mbili za mwanzo vuka pamoja na wenyeji, na usishuke ukingoni mwa barabara kabla hujatazama kushoto. Mwenye gari azingatie mwendo: kamera ni nyingi, na faini inafuata namba ya gari.

La pili ni saa. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Bahati nzuri Wanyarwanda nao huhesabu kama sisi, saa moja ya asubuhi jua limeshachomoza, ila saa moja yao huku ni saa mbili. Simu nayo inadanganya: ukiwa karibu na mpaka inaweza kung'ang'ania mtandao wa Tanzania na kuonyesha saa ya nyumbani. Weka saa kwa mkono wako.

La tatu ni fedha. Faranga moja ya Rwanda ina thamani kubwa kuliko shilingi yetu moja. Nambari zinafanana, unaona 2,000 unadhani ni buku mbili, kumbe umetoa karibu mara mbili yake. Mpakani badilisha nauli na ya chakula tu. Kiasi kikubwa kibadilishe mjini kwenye duka la fedha lenye risiti. Mjini laini ya simu ya kule, inayosajiliwa kwa pasipoti, itakusaidia sana, kwani hata muuza parachichi anapokea malipo ya simu.

Basi litawashusha Nyabugogo, bondeni, stendi kuu ya Kigali. Mtu wa Mwanza hapaswi kuogopa vilima, tumezaliwa kati ya miamba. Lakini vilima vyetu tunavizunguka kwa chini. Kigali imejengwa juu ya migongo ya vilima, na mabonde yamekaa katikati. Sehemu mbili zinazotazamana, unaona hadi nguo zilizoanikwa upande wa pili, zinaweza kuwa mbali kwa nusu saa, maana lazima ushuke hadi chini kabisa kisha upande upya. Ukichagua nyumba ya kulala wageni, uliza iko mgongoni au bondeni. Ya bondeni ni rahisi kwa bei, na utailipa kwa magoti.

Mabasi ya mjini hayapokei fedha mkononi. Unanunua kadi ya Tap&Go, unaiwekea salio kwa wakala, unaigusisha mlangoni. Pikipiki ndizo zinazoshinda vilima. Kule huitwa moto, kwa hiyo kijana akikusogelea na kuuliza "moto?" usikimbie, hakuna nyumba inayoungua. Abiria ni mmoja tu, na kofia ngumu ni lazima kwako pia. Mishikaki hakuna, nasema mishikaki ya kupakizana. Ya nyama ipo tele, wanaiita burusheti. Bei ya pikipiki patana kabla ya kupanda.

Kigali kama mji ni changa. Ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na ikawa makao makuu ya nchi mwaka 1962, ilipopatikana uhuru. Makao ya mfalme yalikuwa Nyanza. Nyumba inayokumbuka enzi za Kandt sasa ni makumbusho, saa moja inatosha. Soko la Kimironko nenda asubuhi. Nyamirambo msiikose: ni mtaa wa zamani wa Waislamu, wenye misikiti, vinyozi, wauza chai, na Kiswahili kinasikika barazani. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini urasmi wa kwenye karatasi usikudanganye. Madereva, wafanyabiashara na waliowahi kuishi Tanzania au Kongo watakuelewa. Vijijini ni Kinyarwanda. "Muraho" ni salamu, "murakoze" ni asante. Kwa kilichobaki utasaidiwa na undugu wa lugha zenyewe: amazi ni maji, isoko ni soko, ubugali sina haja ya kutafsiri, ila mara nyingi ni wa muhogo.

Sasa jambo linalotaka utulivu. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, iliyoko Gisozi jijini Kigali, ilifunguliwa mwaka 2004, na hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Sisi wa kando ya ziwa hili hatuendi pale kama wageni kabisa. Mto Kagera unaopita chini ya daraja la Rusumo unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na mwaka 1994 ulileta miili hadi ziwani. Mwisho wa Aprili mwaka huo, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka Rusumo kuingia kwetu ndani ya saa 24, wakajaa Benaco, pale pale basi linaposimama leo. Kiingilio pale Gisozi hakuna. Tenga saa tatu, na usipange sherehe yoyote baada ya hapo. Watoto wadogo waacheni nje ya vyumba vya ndani.

Na kuna kosa ambalo Mtanzania hulifanya kwa moyo safi kabisa. Huku kwetu "wewe kabila gani?" ni mlango wa utani, Msukuma akilijua kabila lako tayari mmeshaanza kutukanana kwa mapenzi. Kule swali hilo usiliulize, wala kwa mzaha, wala ukishakuwa rafiki. Uliza mtu ametoka wilaya gani, inatosha.

Kalenda nayo ina mitego. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka hufungwa, usafiri husimama. Usikate tiketi ya asubuhi hiyo. Kuanzia tarehe 7 Aprili kuna wiki ya maombolezo, burudani hakuna. Anayetafuta muziki abadilishe mwezi. Machi hadi Mei ni mvua, na milima ya kaskazini na magharibi huporomokea barabara. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri zaidi.

Mzee wangu pale nyuma anauliza: nje ya Kigali, tuanzie wapi?

Anza na usiyolazimika kurudi nyuma kuiona. Hifadhi ya Akagera iko mashariki, upande uleule mnaoingilia. Njia ya lango la kusini inachepuka Kabarondo, kati ya Rusumo na Kayonza. Ukifika Kigali kwanza kisha ukarudi, umeupanda mlima ule ule mara tatu. Simba waliokuwa wametoweka Akagera walirudishwa mwaka 2015, saba kutoka Afrika Kusini, na faru weusi wakafuata mwaka 2017. Lakini sisi tuna Serengeti mlangoni. Kama fedha ni ya hifadhi moja, mimi Akagera ningeiruka.

Fedha hiyo ningeipeleka kusini. Nyanza ni kama saa mbili kutoka Kigali, na pale kuna nyumba ya mfalme iliyojengwa upya kwa nyasi, kazi ya kusuka inayomfanya mtu aliyeiona Bujora, makumbusho yetu ya Wasukuma, asimame kulinganisha, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe zinazokwenda juu kama mikono ya mtu anayeomba. Wafugaji wenzangu, pale mtakaa muda mrefu kuliko mlivyopanga. Mbele yake ni Huye, yenye makumbusho ya utamaduni. Zote mbili zinawezekana kwa siku moja mkiondoka na basi la kwanza. Mabasi ya mikoani yana saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na huondoka saa hiyo, limejaa halijajaa.

Kaskazini ni Musanze na masokwe wa milimani. Kibali cha mgeni wa kimataifa kimekuwa dola 1,500 tangu mwaka 2017. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni Bodi ya Maendeleo ya Rwanda bei ya raia wa Afrika Mashariki. Watu hawazidi wanane kwa kundi, mnakaa na masokwe saa moja, na wa chini ya miaka 15 haruhusiwi. Ukiwa na mafua utazuiwa, maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Beba koti zito; baridi ya Musanze si ya Mwanza.

Ukifika Ziwa Kivu, kule Karongi, agiza sambaza. Kwa macho utasema ni dagaa, na hujakosea sana: asili yake ni Ziwa Tanganyika, alipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huliwa akiwa amekaangwa mkavu, na limau. Wanaotaka kwenda Rubavu waulize kwanza hali ya usalama upande wa Goma, mji wa Kongo uliopakana nayo.

Kurudi, kumbukeni ile saa moja. Basi likiondoka Nyabugogo saa moja asubuhi ya kwao, likafika Rusumo saa nne na nusu, ukivuka tu ni saa tano na nusu ya kwetu, na mihuri bado. Mabasi ya moja kwa moja ya Mwanza mengi yatakuwa yameshapita. Mwenye watoto au mizigo alale Benaco au Ngara mjini, aondoke alfajiri.