Namna ya Kumtafutia Nyumba Mbwa Mpenda Michezo

Habari zenu. Huo mlio mnaousikia nyuma yangu ni bakuli la bati linaburutwa kwenye sakafu, na anayeliburuta anaitwa Pilika. Jina lilimpata siku ya pili tu tangu aletwe hapa kituoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Arusha. Ni mbwa wa kienyeji, jike, rangi ya mchanga, kilo 17, na ukimwangalia meno utamkadiria miaka miwili hivi. Mbwa mtulivu hapa hakai sana, mtu anakuja anampenda anaondoka naye. Hawa wenye pilikapilika ndio wanaochukuliwa haraka na kurudishwa haraka. Leo nawaonyesha tunavyofanya ili asirudi.

Hatua ya kwanza, mjue mbwa wako kabla hujamtafutia mtu. Tazameni, nampungia kipande cha kanga kuukuu nilichokipiga fundo katikati. Mmeona? Viwiko vimegusa chini, makalio yako juu, mdomo wazi, mkia unapepea mpaka kiuno kinacheza. Hapo anakuambia njoo tucheze. Kuna na mngurumo mdogo, msikieni... huo nao ni wa mchezo. Wengi wakiusikia wanarudi nyuma wakidhani ni ukali. Mbwa aliyekasirika mwili unakakamaa, mdomo anaufumba, macho anakukazia bila kupepesa.

Mfuatilie kwa wiki nzima, asubuhi na jioni, na uandike kwenye daftari. Anapenda kukimbiza, kuvutana au kutafuta kwa pua? Anachoka baada ya muda gani? Na akishachoka, analala? Hilo la mwisho usiliruke. Pilika akipata dakika 40 za asubuhi, analala kama gunia mpaka mchana. Asipozipata anachimba, na akimaliza kuchimba anatafuta kandambili. Tumempitisha pia karibu na mifugo ya jirani: mbuzi anawaogopa, kuku anawakimbiza. Kwenye daftari langu neno kuku nimelipigia mistari miwili.

Hatua ya pili ni afya, na hapa sikai sana. Awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo huanza akiwa na umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka; Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wilaya kadhaa huchanja bila malipo, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo wa kata yako. Awe amepewa dawa ya minyoo na ya kupe. Jike afungwe kizazi, dume ahasiwe, kabla ya kuondoka na si kwa ahadi ya "tutampeleka baadaye". Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, hiyo baadaye yenu itawakuta na watoto saba uani. Na mpe mpokeaji kadi ya chanjo mkononi, maana mbwa mchezaji ipo siku jino litamgusa mtu. Mtu akichubuliwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyohiyo. Hata kama mbwa ana kadi, aende.

Hatua ya tatu, tangazo. Hapa niliharibu mwenyewe, kwa hiyo nawaambia kwa uchungu. Mara ya kwanza niliweka picha ya Pilika kwenye makundi ya WhatsApp nikaandika "mlinzi hodari". Nilijua watu wanatafuta nini. Kwetu mtu akisema anataka mbwa, nusu ya maneno yake ni wezi. Simu zikaja nyingi, bwana mmoja akamchukua. Kumbe pale mbwa anafungiwa bandani kutwa nzima, eti ndiyo awe mkali, anafunguliwa usiku. Pilika alibweka mchana kutwa kwa upweke, majirani wakalalamika, na usiku mgeni alipoingia getini akaenda kumlamba mikono. Siku ya 9 akarudishwa. Yule bwana alikuwa na haki ya kunikasirikia, nilimuuzia maneno.

Tangazo la pili liliandikwa hivi, nawasomea: "Pilika, miaka 2, amechanjwa, amefungwa kizazi. Anacheza sana. Anaiba kandambili. Hafai nyumba yenye kuku wa kuachia. Atabweka mtu akifika getini, lakini hatauma. Anatafuta watu wanaoshinda nyumbani." Simu zilikuja tatu tu. Tatu zilitosha. Ukitaka wezi waogope, tundika kibao cha Mbwa Mkali getini, ni rahisi kuliko kumfunga mnyororo mbwa wa namna hii.

Na picha, jamani, msimpige akiwa ndani ya banda nyuma ya nondo. Mpige yuko nje, ana kitu mdomoni, na pembeni awepo mtu ili ukubwa wake uonekane.

Hatua ya nne, mahojiano ya simu. Usimuulize mtu kama anapenda mbwa, hakuna atakayesema hapendi. Mimi huuliza maswali mawili. La kwanza: mbwa wako wa mwisho aliishia wapi? Unanyamaza, unasikiliza. Aliyezeeka akafa mikononi mwao, utaisikia kwenye sauti. "Alipotea tu" mara moja ni bahati mbaya. Mbwa watatu waliopotea tu, hapo kuna geti linaloachwa wazi. La pili: saa kumi na mbili asubuhi nani yuko macho hapo nyumbani, na anafanya nini?

Hatua ya tano, nenda mwenyewe ukaione nyumba. Mnaona hili kopo la maziwa ya unga? Nililipima, upana wake ni sawa na kichwa cha Pilika. Naenda nalo. Nalipitisha chini ya geti, kati ya nondo, kwenye tundu la ukuta ambapo maji ya mvua hutokea. Kopo likipita, na yeye anaweza kupita, maana kichwa kikishatoka mara nyingi mwili unafuata. Watu hunicheka, mtu mzima kapiga magoti getini na kopo. Waache wacheke.

Halafu wale wanaoishi pembeni. Kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na wapangaji watano, idhini ya mwenye nyumba peke yake haitoshi. Zungumza na wote. Baadhi ya majirani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda au kuchunga hawana ugomvi naye. Tabu ni huyu wa kwetu anayerukia kila mtu, naye jirani ndiyo kwanza katoka kutawadha anaelekea swala. Si chuki, msilichukulie vibaya. Sema naye mapema kwa heshima, "Mzee, tungependa kuleta mbwa, wewe unaonaje?" Akisema hapana, hapo si mahali pake, tafuta pengine. Pakiwa na uzio unaotenganisha, mara nyingi mnaelewana.

Ukubwa wa uwanja usikudanganye. Katika wale watatu waliopiga simu, mmoja alikuwa na karibu nusu eka na ukuta mrefu, ila watu wote wanatoka asubuhi wanarudi usiku. Mwingine ni mama fundi cherehani huko Tengeru, uwanja wake hauzidi upana wa basi mbili. Lakini anashonea barazani kutwa, na ana watoto wawili, miaka 10 na 13, wanaocheza chandimu kila jioni. Nilijua nampeleka wapi kabla sijamaliza chai.

Hatua ya sita, wakutanishe. Waje nyumba nzima, na dada wa kazi kama yupo, maana ndiye atakayeshinda naye. Watoto wafundishwe jambo moja mbele yako: meno yakigusa ngozi, mchezo umekwisha. Hupigi kelele wala hukimbii, ukikimbia unakuwa mpira. Unasimama kama nguzo, mikono kifuani, unaangalia pembeni. Angalieni huyu kijana... kanyamaza, Pilika kashangaa, kakaa chini. Sasa ndiyo anapewa kanga avute. Mtoto wa chini ya miaka sita simpi mbwa wa aina hii, si kwa sababu ya kuuma, ataangushwa.

Wafundishe na mchezo wa siku ya mvua. Chupa ya maji ya plastiki, toa kifuniko na ile pete ya plastiki inayobaki shingoni mwa chupa, tia dagaa wachache, mpe. Anaisukuma kwa pua, anaigeuza, robo saa imepita. Akianza kuitafuna plastiki, mnyang'anye. Mifupa ya kuku iliyopikwa isiwe mchezo wala chakula, inavunjika vipande vyenye ncha.

Hatua ya saba, kumkabidhi. Peleka mchana ili apaone kukiwa na mwanga. Tunampa kipande chake cha kanga bila kukifua, na ugali wa dona na dagaa wa wiki moja, asibadilishiwe nyumba na chakula siku moja. Azungushwe uwanja mzima akiwa na kamba kabla ya kufunguliwa. Siku 3 za kwanza asiogeshwe, wala majirani wasiitwe kuja kumwona. Anaweza kujificha au kukataa kula, mwacheni. Wiki 3 ndipo anaanza kujua ratiba, na kama miezi 3 ndipo anapaona kwake. Sisi tunaandikiana wiki mbili za majaribio, na kwenye karatasi pameandikwa kwamba akishindikana anarudi hapa, haachwi barabarani. Mimi napiga simu siku ya 3, ya 10 na ya mwisho.

Siku ya 3 yule mama alisema amelala chini ya cherehani, hataki kutoka. Siku ya 10 akanitumia sauti, nawawekea msikie: "Mwalimu, mbwa wako mzima. Anakula, anacheza na watoto. Nimenunua kandambili jozi mbili. Ile ya kushoto ya kwanza bado hatujaiona."