Uvimbe wa Taya Usiouma

Asanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya upasuaji wa taya na uso, nami dakika zangu karibu zote nitazimalizia kwenye uvimbe. Ajali za bodaboda mnazijua. Taya likivunjika linauma, mtu hahitaji kubembelezwa aende hospitali. Tunafunga meno kwa waya au tunaweka bamba la chuma, baada ya wiki sita hivi anatafuna. Wanaoninyima usingizi ni wale wasioumwa.

Anakuja kijana wa miaka 25, shavu moja limejaa. Muulize lilianza lini, anahesabu miaka. Alidhani ni jino, akang'olewa gego. Akachanjwa chale, akanywa vidonge vya duka la dawa. Na kwa kuwa hauumi, shamba lilimwe kwanza, ada ya mdogo wake ilipwe kwanza. Anapoketi mbele yangu meno yanacheza, na mfupa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Kwenye eksirei unaona vyumba vyumba, mithili ya povu la sabuni.

Mara nyingi hiyo ni ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe za ukoo wa zile zinazojenga gamba gumu la jino. Ni nadra sana kusambaa mwilini. Ndani ya mfupa, lakini, hauna adabu: vimizizi vyake huvuka mpaka unaouona kwenye picha. Ndiyo maana ukiukwangua tu, mara nyingi hurudi, pengine baada ya miaka 10. Tunakata sentimita 1 hadi 2 zaidi, ndani ya mfupa unaoonekana mzima. Si maneno mepesi kumwambia mzazi.

Nasikia huko nyuma: atakula na nini? Swali zuri. Taya lililokatwa likiachwa hivyo huvutwa upande, meno ya juu na ya chini yakapishana. Tunaunganisha ncha kwa bamba la titani. Bamba peke yake, kwa miaka ya kutafuna, huweza kulegea au kukatika, hivyo inapowezekana tunaleta mfupa: wa nyonga pengo likiwa dogo; likiwa refu, ule mwembamba ulio pembeni mwa muundi. Huu wa mguuni ulianza kutumika kujenga taya mwaka 1989. Unatolewa na mishipa yake ya damu, unakatwa na kupangwa kufuata umbo la taya, kisha mishipa inashonwa na ya shingoni chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Na anatembea, msiogope. Uzito wa mwili hubebwa na mfupa mkubwa wa jirani.

Sasa mtoto. Mtoto wa miaka 5 au 7 akivimba taya, na uvimbe ukakua kwa wiki badala ya miaka, hapo kisu changu kinakaa pembeni. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata akaandika juu ya uvimbe huo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona. Ukakutwa kwenye joto na mvua, huko huko kwenye malaria. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, na kisu hakikumsaidia. Dawa za saratani ndizo zilizouyeyusha. Mojawapo, saiklofosfamidi, tunaitumia mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kukatwa au kung'olewa jino lolote penye uvimbe, dai picha ya taya zima, na kipande kidogo cha nyama kipimwe maabara.

Naona mikono. Tuanze na mama wa pale mlangoni. Hiyo bahasha ya kaki mkononi mwako nadhani ni eksirei.